Mashine ya Spoti kwa Karakana ya Bati: Mambo ya Kupima Kabla ya Kutoa Pesa

Shule za bweni zinapokaribia kufunguliwa mwezi Januari, masanduku ya bati hupangwa kando ya barabara, mbele ya karakana za jua kali. Kila moja limekunjwa, likapigwa ribiti, likapakwa rangi na kutiwa kufuli. Sanduku hilo likifunguka mshono ndani ya matatu, au bawaba ikang'oka wiki ya pili ya muhula, mzazi haulizi bati lilikuwa geji gani. Anamkumbuka fundi aliyemuuzia, na mwaka unaofuata anapita kwa jirani yake.

Hii ni sababu moja inayowafanya mafundi wa bati watafute mashine ya kuchomelea kwa nukta, ambayo katika karakana huitwa mashine ya spoti. Haitumii rodi, haimwagi chuma juu ya chuma, wala haiachi kovu kubwa la kusagwa kwa grinda. Hubana mabati mawili, ikapitisha umeme mwingi kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, na mabati yakashikana.

Kwa karakana yenye kazi ya kutosha, mashine hii hurudisha gharama yake. Lakini ikinunuliwa bila hesabu inaweza kuishia kwenye kona, imefunikwa turubai, huku mkopo ukiendelea kulipwa. Makala haya yanaeleza mambo ambayo fundi, kikundi au kijana anayeanza kazi katika Kaunti ya Kilifi anapaswa kuyapima kabla ya kununua. Mwishoni kuna maelezo mafupi kwa mkazi ambaye si fundi ila hununua bidhaa za bati.

SPOTI HUSHIKA VIPI?

Mashine ya spoti ina transfoma inayopunguza volti na kuongeza mkondo wa umeme. Mkondo huo hupita katika mikono miwili yenye ncha za shaba. Mabati hupandishwa moja juu ya jingine, ncha zikayabana pande zote mbili, kisha umeme ukapita. Mahali mabati yanapokutana ndipo umeme unapopata ugumu mkubwa wa kupita, na ugumu huo huzaa joto. Chuma huyeyuka hapo katikati, kikaganda kikiwa bado kimebanwa, na kuacha kiini kimoja kinachoshika mabati yote mawili.

Mambo matatu huamua kama kiini hicho kitakuwa imara: ukubwa wa mkondo, muda wa kupita kwake, na kani ya kubana. Kwa mabati mawili ya chuma cheusi yenye unene wa milimita 1 kila moja, viwango vinavyotumiwa viwandani ni karibu ampea 8,000 hadi 10,000, muda wa takriban sekunde 0.2, na kani inayokaribia uzito wa kilo 200 au zaidi kidogo. Fundi hahitaji kukariri namba hizi. Anachohitaji kujua ni kwamba kipimo kimoja kikikosekana, viwili vilivyobaki haviwezi kukijaza. Mkondo mkubwa wenye kani ndogo hurusha cheche na kutoboa bati. Kani kubwa yenye mkondo mdogo huacha alama nzuri juu, lakini ndani hakuna kilichoyeyuka.

ANZA NA BATI, SI MASHINE

Swali la kwanza ni bati gani linalopita mikononi mwako kila siku. Kwa makadirio, geji 28 ni karibu milimita 0.4, geji 26 ni 0.45, geji 24 ni 0.6, geji 22 ni 0.75, geji 20 ni 0.9 na geji 18 ni 1.2. Kadiri namba ya geji inavyopanda, ndivyo bati linavyokuwa jembamba. Kwa kuwa bati la duka moja linaweza kutofautiana na la duka jingine hata kama geji inatajwa kuwa ile ile, pima kwa venia au maikromita. Muuza mashine naye mwambie unene kwa milimita, wala si kwa geji.

Kumbuka pia kwamba tangazo la mashine linaposema "1.5 + 1.5" maana yake ni mabati mawili ya milimita 1.5 kila moja. Hicho ni kikomo cha mashine katika hali bora kabisa. Haina maana kwamba mashine itafanya kazi ya unene huo siku nzima.

Baada ya unene, angalia aina ya bati.

Bati jeusi safi ndilo rahisi kuliko yote. Kutu, grisi na vumbi viondolewe kwanza, kwa sababu huzuia umeme na kuleta cheche.

Bati lililopakwa zinki, ambalo hupakwa hapa hapa kaunti katika kiwanda cha Mariakani, huhitaji mkondo mkubwa zaidi na muda mrefu kidogo kuliko bati jeusi la unene ule ule. Zinki pia hung'ang'ania ncha za shaba na kuzichafua upesi, hivyo ncha lazima zisafishwe na kuchongwa upya mara kwa mara. Fundi ambaye kazi yake nyingi ni ya bati la zinki asinunue mashine inayotosha bati jeusi tu. Aongeze nafasi.

Bati la rangi, lile linalotoka kiwandani likiwa limepakwa, haliwezi kuchomelewa kwa spoti likiwa hivyo, maana rangi haipitishi umeme. Lazima rangi ikwanguliwe kila mahali ncha zinapogusa na mabati yanapokutana. Kwa kazi hiyo ribiti mara nyingi ni nafuu zaidi.

Stenlesi hushika vizuri. Huhitaji mkondo mdogo kuliko bati jeusi, lakini kani kubwa zaidi. Alumini ni kinyume chake: hupitisha umeme na joto kwa urahisi kiasi kwamba huhitaji mkondo mara mbili au tatu zaidi. Mashine ndogo ya karakana haiwezi kazi ya alumini, hata kama muuzaji anaahidi.

NAMBA KUBWA KWENYE KIBANDIKO

Mafundi wengi hukosea hapa. Kibandiko cha mashine ya spoti huwa na namba za kVA, yaani kiasi cha umeme ambacho mashine hushughulikia. Mara nyingi huwa mbili, na hazina maana moja.

Namba ya kwanza ni ya mashine inapofanya kazi nusu ya muda na kupumzika nusu, ambayo huandikwa "50%". Namba ya pili ni kilele, yaani kiasi kinachovutwa wakati wa pigo lenyewe. Mashine ndogo ya mkono inaweza kuandikwa 2.5 kVA kwa asilimia 50, na bado ikavuta 12 kVA pale fundi anapobonyeza.

Chukua mashine kama hiyo kwa mfano. Kwa kuwa joto ndani ya transfoma huongezeka kwa mraba wa mkondo, ikivuta 12 kVA huruhusiwa kupitisha umeme karibu asilimia 2 tu ya muda, yaani takriban sekunde 1.3 katika kila dakika. Pigo moja likichukua sekunde 0.2, hizo ni spoti 6 kwa dakika. Fundi akizidisha, mashine huchemka. Yenye kinga ya joto hujizima, na isiyo na kinga huungua.

Je, spoti 6 kwa dakika ni chache? Inategemea kazi. Fundi wa Mariakani anayetengeneza masanduku 10 kwa siku, kila moja likiwa na spoti 40, anahitaji spoti 400. Kwa mashine hiyo ni saa moja na dakika chache za kuchomelea, tena zimegawanyika katikati ya kukata, kukunja na kupaka rangi. Mashine ndogo inamtosha, na hana haja ya kukopa zaidi. Lakini karakana ya Mtwapa yenye oda ya makabati 10 kwa siku, kila moja spoti 300, inahitaji spoti 3,000. Kwa mashine ile ile ni zaidi ya saa 8 bila kupumzika. Hiyo ni kazi ya mashine nyingine kabisa.

Mashine ya kusimama chini yenye pedeli, iliyoandikwa 15 kVA kwa asilimia 50 na kuvuta 30 kVA katika pigo, huruhusu zaidi ya spoti 35 kwa dakika. Hapo kinachochelewesha kazi si transfoma tena. Ni mikono ya fundi.

Kwa hiyo kabla ya kwenda dukani, hesabu spoti za siku yenye kazi nyingi, si siku ya kawaida. Namba hiyo moja itakuokoa na ununuzi wa aina mbili: mashine ndogo itakayoungua katikati ya oda, na mashine kubwa ambayo kazi yako haitailipa.

STIMA YA KARAKANA YAKO

Gharama ya tokeni si jambo la kuogopesha. Spoti 1,000 za mashine ndogo iliyotajwa hapo juu hutumia chini ya uniti moja ya stima, kwa sababu kila pigo ni fupi mno. Tatizo ni kile kinachovutwa kwa wakati mmoja.

Stima ya fezi moja nchini ni volti 240. Mashine inayovuta 12 kVA huchukua ampea 50 katika pigo. Plagi ya kawaida ya nyumbani imekusudiwa ampea 13. Hata kama fyuzi haikatiki kwa kuwa pigo ni fupi, plagi na waya mwembamba vitapata moto kazi ikiendelea. Mashine ya spoti inahitaji waya wake mnene, mfupi, unaotoka moja kwa moja kwenye bodi, pamoja na swichi ya kinga ya aina iliyoelekezwa katika kitabu cha mashine.

Mashine kubwa ya pedeli inayovuta 30 kVA kwa volti 415 huchukua zaidi ya ampea 70. Hiyo hudai njia ya fezi tatu. Uliza Kenya Power kuhusu uwezo wa laini yako na gharama ya kubadilishiwa kabla ya kulipia mashine. Wako wanaonunua kwanza na kuuliza baadaye, na gharama ya kuvutiwa laini ikawa mzigo ambao haukuwa kwenye hesabu.

Kuna jambo jingine ambalo halionekani dukani. Volti zikishuka, joto la spoti hushuka kwa kasi zaidi. Karakana iliyo mbali na transfoma ya mtaa, ikipata volti 205 badala ya 240, hupoteza zaidi ya robo ya joto. Ndiyo sababu mashine iliyojaribiwa vizuri dukani Mombasa inaweza kufika Ganze au Magarini ikashindwa kushika bati lile lile, hasa jioni majirani wanapowasha taa na televisheni. Waya mrefu na mwembamba wa kuazima huleta hasara hiyo hiyo. Mwombe fundi wa stima apime volti za karakana yako saa za kazi, wakati mzigo upo.

Wanaotegemea jenereta wawe waangalifu zaidi. Jenereta ya 2.5 kVA haiwezi kuendesha mashine ya spoti iliyoandikwa 2.5 kVA kwa asilimia 50, kwa kuwa kilele chake ni mara kadhaa zaidi. Angalia namba ya kilele.

Kazi yote ya waya ifanywe na fundi wa stima mwenye leseni ya EPRA. Mwombe aione leseni hiyo kwa macho yako, na umuulize daraja lake linaruhusu kazi ya aina gani.

MASHINE ZA KUSHINDANISHA, NA ZISIZOFAA

Kwa karakana ya bati jembamba, chaguo la kweli ni kati ya aina mbili.

Ya mkono ni kama koleo kubwa. Hubebeka, hufuata kazi ilipo, na hufaa masanduku, mifereji ya hewa, vifuniko na ukarabati. Udhaifu wake ni kwamba kani hutoka kwa lever inayokazwa kwa skrubu, hivyo ikilegea spoti hudhoofika bila fundi kujua.

Ya kusimama chini hukandamizwa kwa mguu au kwa hewa ya kompresa. Mikono ya fundi hubaki huru kushika kazi, na kila spoti hupata kani ile ile. Hufaa kazi ya kurudiarudia: makabati, rafu, vikasha vya mita, mikokoteni midogo. Nyingi hupozwa kwa maji yanayozunguka ndani ya mikono. Karakana isiyo na maji ya mfereji itahitaji tangi na pampu ndogo ya kuzungusha maji yale yale. Maji ya kisima yenye chumvi yasitumiwe, kwa sababu huacha magadi ndani ya mirija na kuiziba.

Kuna vifaa vingine vitatu vinavyouzwa au kusifiwa kwa jina la spoti lakini si vya kazi hii. Kimoja ni kile kidogo cha kuunganishia betri za lithiamu, ambacho hushika vipande vya nikeli vyembamba kama karatasi. Cha pili ni cha gereji, cha kuvutia mabodi ya magari yaliyobonyea. Hicho hugusa bati upande mmoja na hakikutengenezwa kuunganisha sanduku. Cha tatu ndicho cha hatari: mashine ya kujitengenezea kutoka kwa transfoma ya maikrowevu, inayoonyeshwa sana katika video. Ndani ya maikrowevu kuna umeme wa takriban volti 2,000, na kapasita yake huweza kubaki na chaji hata baada ya plagi kuchomolewa. Umeme huo unaua. Kijana asijaribu kuifungua kwa kufuata video.

MIKONO, SAA NA NCHA

Pima kazi yako kubwa kuliko zote: spoti ya ndani kabisa iko umbali gani kutoka ukingo? Mikono ya mashine lazima ifike hapo. Lakini mikono ikirefuka, mkondo hupungua. Mashine inayoshika 1.5 + 1.5 kwa mikono mifupi inaweza kushindwa hata 1 + 1 kwa mikono mirefu. Kuingiza bati kubwa katikati ya mikono nako hupunguza mkondo. Kwa hiyo omba jedwali la uwezo kwa kila urefu wa mikono. Muuzaji asiye nalo hajui anachouza.

Nunua mashine yenye saa ya kudhibiti muda wa pigo. Kwa bati la geji 28, tofauti kati ya kushika na kutoboa ni sehemu ndogo ya sekunde, na kidole cha fundi hakiwezi kuikadiria mara 400 kwa siku. Ukiwa na pesa ya kuongeza kitu kimoja tu juu ya mashine ya bei ya chini, ongeza saa.

Ncha ziwe za shaba iliyochanganywa na kromiamu, si shaba laini ya kawaida ambayo hupondeka upesi. Ncha ikipondeka uso wake hupanuka, umeme husambaa, na spoti hufa huku mashine ikiwa nzima. Kwa bati la milimita 1, uso wa ncha uwe na kipenyo cha karibu milimita 5. Uliza ncha za akiba zinapatikana wapi. Kama ni kuagiza kutoka ng'ambo kila mara, hesabu siku ambazo karakana itasimama ikisubiri.

JARIBIO LA KUBANDUA

Usinunue kwa kuona cheche. Beba vipande vya bati lako mwenyewe, la unene unaotumia, pamoja na koleo. Mwambie muuzaji apige spoti tano. Kisha kunja bati moja kwa koleo na ulibandue kutoka kwa jingine.

Spoti nzuri haiachii. Bati moja hutoboka, na kipande chake hubaki kimeng'ang'ania bati la pili kama kifungo. Kwa mabati ya milimita 1 kifungo hicho kiwe na upana wa angalau milimita 4. Kwa milimita 0.5, karibu milimita 3. Mabati yakiachana bila kutoboka, na kuacha duara la kijivu tu, spoti hiyo imebandika, haijachomelea. Spoti zote tano zifaulu. Mbili zikifaulu na tatu zikashindwa, mashine au mpangilio wake una kasoro.

Jaribio hili lisiishie dukani. Karakana iliyo makini hubandua kipande kimoja kila asubuhi kabla ya kuanza, na kingine baada ya kubadilisha bati au kuchonga ncha. Hugharimu mabaki ya bati na dakika moja.

Katika kazi yenyewe, spoti zisisongamane. Umeme hupenda kupita kwenye spoti iliyokwisha kushika, hivyo ya pili ikiwa karibu mno hupata mkondo mdogo. Kwa bati la milimita 1, acha angalau milimita 20 kati ya spoti na spoti, na mabati yapandiane milimita 12 hivi.

HEWA YA BAHARI NA MAJI

Mshono wa spoti una nafasi ndogo kati ya nukta na nukta. Katika miji ya pwani kama Malindi, Watamu na Kilifi, hewa yenye chumvi huingia hapo na kutu huanzia ndani, mahali rangi haifiki. Paka rangi ya msingi inayoruhusu kuchomelea kwenye sehemu zinazopandiana kabla ya kuzibana, kisha ziba mshono na upake rangi ya nje. Pale zinki ilipoungua, gusa kwa rangi yenye zinki.

Kwa sababu hiyo hiyo, spoti peke yake haizuii maji. Mitungi, mabomba ya paa na tangi ziendelee kukunjwa na kutiwa lehemu au kizibo kinachofaa. Mashine ya spoti ni ya kuongeza uwezo wa karakana. Haiondoi ribiti, mkunjo wala nyundo.

USALAMA NI SEHEMU YA BEI

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 humtaka mwenye karakana kuwapa wafanyakazi wake vifaa vya kujikinga. Kwa spoti, hitaji ni miwani safi ya kuzuia cheche, glavu za ngozi, viatu vilivyofunika vidole na aproni. Weka gharama hii katika hesabu ya mashine tangu mwanzo.

Hatari kubwa ya kila siku ni vidole kubanwa. Anayekanyaga pedeli ndiye anayepaswa kushika kazi. Watu wawili wasigawane mashine moja kwa wakati mmoja. Mtu mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo asiikaribie mashine, kwa kuwa mkondo mkubwa huzaa sumaku kali. Thina, rangi na magodoro vikae mbali na cheche.

Bati la zinki hutoa moshi mweupe. Anayeuvuta kwa wingi huweza kupata homa, baridi na maumivu ya mwili saa chache baadaye, hali ambayo watu huidhania kuwa malaria. Fanya kazi mahali penye upepo, ukae upande upepo unakotoka. Ukienda kituo cha afya, mweleze mhudumu kwamba ulikuwa ukichomelea bati la zinki.

PEKE YAKO AU KWA KIKUNDI?

Mashine kubwa inaweza kuwa mzigo kwa fundi mmoja na ikawa nafuu kwa mafundi watano wa eneo moja. Kikundi kilichosajiliwa kinaweza kununua mashine moja, kukaa mahali penye fezi tatu, na kila mwanachama akalipa kwa idadi ya spoti au saa alizotumia. Kabla ya kununua, andikeni nani anatunza ufunguo, nani analipa ncha zikiisha, na nini kitafanyika mwanachama akijitoa. Hazina ya Uwezo hukopesha vikundi vya vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, na Hustler Fund ina mikopo ya mtu binafsi na ya vikundi. Mkopo wowote ulinganishwe na oda zilizopo mkononi, si zile zinazotarajiwa.

Kijana ambaye hajawahi kushika mashine hii aanze na mafunzo. Vyuo vya mafunzo ya ufundi vilivyo chini ya kaunti ndipo pa kuuliza kwanza kuhusu kozi za kuchomelea. Fundi aliyejifunzia kazini anaweza kufanya mtihani wa ufundi wa NITA ili apate cheti cha kazi anayoijua tayari. Msimamizi wa wadi yako ataweza kukuelekeza kwenye ofisi husika.

KWA MNUNUZI WA BIDHAA ZA BATI

Mkazi anayenunua sanduku, kabati au jiko anaweza kukagua kazi ya spoti kwa macho. Nukta ziwe na ukubwa unaolingana na nafasi zinazolingana. Nukta zilizotoboka au zenye weusi mkubwa kuzizunguka zilipigwa kwa kani ndogo au mkondo uliozidi. Shika pembe mbili za sanduku zinazotazamana na ulipinde taratibu: mshono usilie wala kufunguka. Angalia bawaba na kishikio, kwani ndiko uzito wote huenda. Hapo spoti mbili hazitoshi. Dai ribiti ziongezwe.

ORODHA YA KUBEBA DUKANI

1. Unene wa bati kwa milimita, na aina yake: jeusi, zinki au stenlesi.
2. Idadi ya spoti katika siku yenye kazi nyingi.
3. Umbali wa spoti ya ndani kabisa kutoka ukingo.
4. Volti zilizopimwa karakanani saa za kazi, na kama kuna fezi moja au tatu.
5. Namba mbili za kVA: ya asilimia 50 na ya kilele.
6. Jedwali la uwezo kwa kila urefu wa mikono.
7. Saa ya kudhibiti muda na kinga ya joto: zipo au hazipo?
8. Ncha za akiba, dhamana iliyoandikwa, na hati kwamba mashine imetimiza viwango vya KEBS.
9. Vipande vya bati lako na koleo la kubandulia.

Muuzaji akijibu namba tano na sita bila kusita, na spoti zote tano zikatoboa bati zilipobanduliwa, fundi anaweza kuanza kuzungumza bei. Akishindwa, duka lingine liko mbele.